Deni la Mtama

Karibu yote tuyajuayo kwa hakika kuhusu mazao ya kale ya pwani yetu yametokana na chakula kilichoungua. Punje iliyoliwa imekwisha. Iliyopandwa iliota, ikawa mmea, na mmea ukaoza. Iliyosahauliwa kihengeni ikaliwa na fukusi. Lakini ile iliyomponyoka mpishi ikaangukia kando ya moto, ikawa mkaa bila kufika kuwa jivu, hiyo mchwa hawaitaki na maji hayaiozeshi. Hukaa ardhini miaka elfu na zaidi, mpaka siku atakapokuja mtu mwenye subira, auvuruge udongo ndani ya ndoo ya maji, na kuikinga kwa kitambaa chembamba inapoelea. Ni kitu kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, cheusi, kimefura na kupasuka upande mmoja. Kwa kitu kama hicho tunasema: hapa watu walikula mtama.

Kwa hiyo historia ya ukulima wetu imehifadhiwa na ajali za jikoni, jambo ambalo wapishi wanaweza kulitumia kujitetea. Ila ndani ya utani huo mna swali zito. Kila punje iliyovunwa ilikuwa na njia mbili mbele yake, kuliwa au kurudishwa ardhini. Iliyoungua ilizikosa zote mbili, na ndiyo maana tunayo. Zile nyingine, maelfu kwa maelfu, kila moja ilipita chini ya uamuzi wa mtu: hii tule, hii tuiweke. Alikuwaje mtu wa kwanza aliyeiweka huku watoto wake wakitazama chungu? Na alidhani anamwekea nani?

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Jembe peke yake halifanyi kilimo, wala kujua kwamba mbegu huota, maana hilo hata mtoto aliyetema kokwa nyuma ya nyumba hulijua. Kwa kilimo nakusudia uamuzi wa kutokula leo kitu ambacho ungeweza kukila leo, kwa ajili ya mtu ambaye leo hayupo mbele yako. Mtu huyo anaweza kuwa wewe mwenyewe baada ya miezi sita, au mwanao, au mgeni usiyemjua. Mengine yote, matuta, palizi, kuamia ndege ukiwa juu ya dungu, ni kazi inayofuata baada ya uamuzi huo. Je, kwa nini mtu akubali uamuzi kama huo?

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale Robert Soper alichimba Kwale, kusini mwa Mombasa, akapata vigae vya vyungu vyenye midomo iliyokatwa kingo kwa ustadi na kuchorwa mistari. Vyungu vya namna hiyohiyo alivikuta upande wa Tanzania pia, kwenye milima ya Usambara na Upare na nchi inayoizunguka. Umri wake ni kama miaka 1,800. Waliovifinyanga walijua kufua chuma, na vijiji vyao vilikaa mahali ambapo mvua haidanganyi sana. Hawa ndio wanaohesabiwa kuwa wakulima wa mwanzo wa pande za Tanga.

Lakini mazao ya wakulima wa namna hii hayakuzaliwa hapa. Mtama ulianza kufugwa, kama neno hilo linafaa kwa mmea, mashariki ya Sudan karibu na Kassala, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Ushahidi wake umo ndani ya vigae: wafinyanzi walichanganya makapi na udongo, moto ukayachoma makapi, na umbo lake likabaki udongoni kama muhuri. Uwele ulitoka mbali zaidi, upande wa Mali, miaka kama 4,500 iliyopita. Ndizi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na Papua. Mahindi na muhogo, ambavyo leo tunaviona kama vya babu zetu tangu zamani za kale, vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya Wareno kufika, yaani juzi tu. Kwa ufupi, katika pwani hii kilimo hakikubuniwa. Kilipokewa.

Wapo wanaoona hilo ni unyonge, kwamba sifa ni ya mbunifu na mpokeaji ni mfuasi tu. Mimi naona kinyume. Aliyebuni kilimo pengine hakujua anaelekea wapi. Alihifadhi punje mwaka mmoja, akaongeza mwaka wa pili, na wajukuu wake wakajikuta hawawezi kurudi nyuma. Lakini anayepokea huwa amekwisha kuona. Amemtazama jirani akiinama juani, amemwona akilia nyani walipomaliza masuke ya mwisho, amemwona pia akicheka siku ya mavuno. Mpokeaji ndiye anayechagua akiwa amefumbua macho. Ukitaka kujua maana ya kilimo, basi, muulize yeye.

Jibu jepesi ni njaa: watu walilima kwa sababu chakula cha porini hakikutosha. Jibu hili linapendeza kwa sababu linatufanya sisi tuonekane tumeokoka. Lakini tazama nchi yenyewe. Ukanda wa kuanzia Pangani hadi Vanga una mikoko yenye kaa na chaza, una miamba yenye samaki, una mibuyu, una misitu yenye paa na asali. Na kaskazini kidogo, Kilifi nchini Kenya, lipo pango la Panga ya Saidi, ambalo watu walilitumia tangu miaka 78,000 iliyopita. Humo ndimo lilimopatikana kaburi la mtoto wa umri kama miaka mitatu, aliyelazwa ubavu kwa uangalifu, kaburi la kale kuliko yote yajulikanayo barani Afrika mpaka sasa. Watu walioweza kukaa mahali pamoja muda mrefu kiasi hicho, vizazi visivyohesabika, hawakuwa wakiokotaokota ili wasife. Walikuwa wakiishi.

Wakulima walipojenga vijiji katika nchi ya jirani, watu wa pangoni hawakukimbilia majembe. Tabaka za udongo zinaonyesha waliendelea kuwinda na kuchuma kwa karne nyingi. Kisha, kidogokidogo, punje za mtama, uwele na ulezi zinaanza kuonekana katikati ya mifupa ya wanyama wa porini. Walijua ladha yake. Walijua unatoka wapi. Pengine walibadilishana nyama au asali kwa kibaba cha unga, na jioni wakarudi zao. Kwa hiyo hata jibu la pili, kwamba hawakulima kwa kuwa hawakujua, linaanguka hapohapo. Ujirani wa karne nyingi ni shule tosha. Walijua, wakasita. Na kusita kwao kunastahili heshima, maana kunatuambia kilimo kilikuwa na gharama ambayo mtu mwenye akili timamu aliweza kuikataa.

Gharama hiyo ni nini? Hapa Tanzania tuna watu wanaoweza kutusaidia kuielewa, nao ni Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Mwanazuoni James Woodburn, aliyeishi nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1982 kwamba jamii za binadamu zaweza kutofautishwa kwa jambo moja: kuna ambazo jasho la leo hulipwa leo, na kuna ambazo hulipwa baadaye. Mhadzabe akiangusha mnyama, nyama hugawiwa kambini. Aliyekula hakuandikwa popote. Hakuna anayemngoja mwenzake kwa miezi, kwa hiyo hakuna mwenye nguvu ya kumshika mwenzake. Mtu akichoshwa na majirani huhama, na wala hapotezi kitu.

Mkulima hawezi. Kati ya kupanda na kuvuna kuna muda, na ndani ya muda huo ndimo linamozaliwa deni. Neno hili nalitumia kwa upana wake. Deni ni uhusiano ambao upande mmoja umekwisha kutoa na upande wa pili haujafika. Aliyefyeka msitu kabla yako amekwisha kutoa. Wewe unayelima uwanja wake anakudai nini, zaidi ya kumtunzia kaburi lake pembezoni mwa shamba? Aliyekuazima mbegu mwaka wa ukame amekwisha kutoa. Hata mikono yako mwenyewe ya mwezi wa tatu, iliyochimba mashimo masika yakikaribia, imekwisha kutoa, na inamdai mtu wa mwezi wa saba ambaye bado hajawa.

Na mtama wenyewe umo katika deni hilo. Mtama wa porini ukikomaa humwaga punje zake. Upepo ukivuma, basi, kizazi kijacho kimeshapandwa. Mtama wa shambani hushikilia punje kwenye suke na kungoja kisu. Tuliyachagua masuke yenye kushikilia, mwaka baada ya mwaka, mpaka mmea ukapoteza uwezo wa kujipanda. Leo bila mkono wa mtu ungetoweka. Tena punje hazingoji milele. Ziweke miaka michache tu na nyingi hazitaota. Fikiri basi maana yake. Kati ya yule mtu wa Kassala na shamba la mtama linaloonekana leo ukipita Handeni hapawezi kuwa na pengo. Kama kijiji kimoja kilikula mbegu zote mwaka wa dhiki, kilibidi kwenda kwa kingine kuomba, na hicho kingine kilikuwa kimejinyima. Tunazoea kusema kilimo kilienea, kama moto wa nyika. Lakini mbegu haina miguu. Kila hatua ya safari ile ya zaidi ya miaka 3,000 hadi pwani hii ilikuwa kiganja cha mtu kikimpa mtu mwingine, na ni vigumu kuwaza viganja hivyo bila kuwaza pia posa, ukwe, utani na maombi ya msamaha.

Mpaka hapa nimeizungumza habari hii kana kwamba deni ni jambo jema. Tugeuze upande wa pili.

Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi ambacho kila msomaji wa historia ya Tanga anapaswa kukijua, yupo Mbegha, mwindaji kutoka Nguu. Ndugu zake walimtenga kwa kuwa alikuwa kigego, mtu aliyehesabiwa kuwa na nuksi, akakimbia na mbwa wake mpaka Usambara. Wasambaa walikuwa wakulima, na walikuwa na shida na nguruwe. Mbegha aliwaua nguruwe, akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Mwisho wa kisa twamkuta akiwa mfalme Vugha, na uzao wake ukitawala milima ile tangu karne ya 18.

Wengi hukisoma kisa hiki kama sifa ya shujaa. Nakiona pia kama maelezo makali ya udhaifu wa mkulima. Nguruwe hakuwa adui wa mtu yeyote kabla ya shamba. Shamba ndilo lililomfanya adui, kwa kumkusanyia mahali pamoja vitu vyote avipendavyo. Na mtu ambaye chakula chake cha mwaka mzima kimesimama uwanjani, hakiwezi kukimbia na hakiwezi kufichwa, anamhitaji mlinzi. Na mlinzi hukaa karibu na chungu. Tunaweza sasa kuyaeleza mamlaka: ni haki ya kusimama kati ya mtu na kesho yake. Mwindaji hana kesho ya namna hiyo, ndiyo maana huwezi kumtawala kwa urahisi. Mkulima anayo miezi sita yote ya hofu, na anayedai kuimiliki mvua ameshika miezi hiyo mkononi.

Hata hivyo Wasambaa hawakuwa watu wa kudaiwa tu. Steven Feierman, aliyeandika historia yao kwa kina, alionyesha jinsi walivyopima utawala kwa kipimo cha ardhi: mtawala ama anaiponya nchi, kuzifya shi, ama anaiharibu, kubana shi. Mfalme aliyepokea kodi na mvua isinyeshe alikuwa na deni, na watu walilisema. Kwa hiyo kamba iliyomfunga mkulima ilimfunga na mfalme pia, ingawa haikuwabana sawasawa. Sijui kama hiyo ni faraja ya kutosha kwa aliyelala njaa.

Ng'ambo ya mkondo wa bahari, Pemba, upo mfano unaonisumbua zaidi kuliko huo. Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimba Tumbe na Chwaka, na Sarah Walshaw akazichambua punje zilizoungua. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, watu walikula uwele kwa wingi. Chwaka, jirani yake, mji uliostawi tangu karne ya 11 ukiwa na misikiti ya mawe, walikula wali. Uwele ni zao la kusamehe: udongo mbovu unavumilia, ukame unavumilia. Mpunga ni zao la madai, unataka maji, unataka bonde, unataka mgongo wa mtu siku nzima, kisha utwangwe na upepetwe. Wala si kwamba mchele ulikuwa mgeni uliofika siku ile. Visiwa vya Komoro na Madagaska vilikuwa na mazao ya Asia, mchele na choroko na pamba, tangu karne za mwanzo za biashara ya Bahari ya Hindi, na hata Tumbe punje chache za mchele zilikuwepo. Watu wa Pemba waliujua kwa karne kadhaa kabla ya kuugeukia.

Kwa nini mtu aache zao linalomsamehe achukue linalomdai? Njaa haiwezi kuwa jibu, kwa sababu njaa ingeamuru uwele. Walshaw anaona sababu katika maisha ya mji yenyewe: dini, wageni, karamu, namna ya kuonekana mbele za watu. Nakubaliana naye, na ningependa kuongeza tafsiri ya heshima, kwa kuwa hapa ndipo inapoonekana waziwazi. Heshima ni kazi unayomfanyia mtu kabla hajafika. Sinia la wali lilimwambia mgeni kwamba kuna watu walisimama majini miezi kadhaa wakijua atakuja mtu, ingawa hawakujua ni nani. Sima ya uwele isingeweza kusema hivyo, hata ingekuwa tamu vipi. Mpaka leo sijasikia arusi ya Tanga ambayo wageni waliandaliwa ugali wa mtama, na bwana harusi atakayejaribu atatafuta pa kukaa.

Basi mkulima wa Pemba aliongeza deni lake kwa hiari, akaliona ni utajiri. Na hapo ndipo ninapoanza kuwaelewa wale wa mwanzo, wa Kwale na wa Usambara. Sidhani walidanganywa, na sidhani waliokolewa. Nadhani waliona kwamba kuna vitu ambavyo mtu wa leo-kwa-leo hawezi kuvipata hata akishiba: kungojewa, kutegemewa, kuwa na mahali ambapo ukifa pataendelea kuitwa kwako. Walivinunua kwa uhuru wao. Bei ilikuwa kubwa, na waliolipa mara nyingi hawakuwa walioamua. Mwanamke aliyeinama juu ya kinu hakuulizwa kama mpunga unafaa.

Mtu atasema basi kila shamba ni kilimo. Hapana. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge, mmea wa Meksiko, kutoka Florida. Iliyofika hai haikutimia mia, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana nayo Tanga ikajaa mkonge hadi Tanganyika ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali, wakapewa kipande cha siku 30 za kazi. Hawakula walichokilima, hawakuchagua mche wa msimu ujao, na hawakujua kamba ile inamfungia nani mzigo. Kulikuwa na mashamba makubwa kuliko upeo wa macho, na kwa maana niliyoitoa hapo juu, manamba ndani yake hakuwa mkulima.

Siku hizi viongozi wakija mikutanoni hulalamika kwamba vijana wamekimbia mashamba kwa uvivu. Kijana wa Muheza anayewasha bodaboda saa kumi alfajiri si mvivu. Amefanya hesabu ileile ya watu wa Panga ya Saidi: jasho la leo, malipo ya leo. Ila huru pia si sana, kwa sababu pikipiki yenyewe iko kwenye mkataba, na jioni tajiri anangoja hesabu yake. Amelikataa deni la mtu asiyeonekana akachukua la mtu anayepiga simu.

Na mama yake, aliyebaki shambani? Mwezi wa kumi, vuli ikikaribia, atakwenda duka la pembejeo kununua mbegu ya mahindi, kwa sababu hii ya kisasa akiihifadhi mwenyewe msimu wa pili haizai vilevile. Uamuzi wa hii tule, hii tuiweke, kwa upande wa mahindi, umehamia kwa kampuni. Lakini kunde bado anaziweka mwenyewe, kwenye chupa ya maji iliyokaushwa, zimechanganywa na majivu, mwaka hadi mwaka. Kunde ni katika mazao ya kale zaidi tuliyonayo Afrika Mashariki. Zilizochimbuliwa Kakapel, magharibi mwa Kenya, zina miaka 2,300. Ukimuuliza za kwake alizipata wapi hatakutajia duka, atakutajia mama mkwe wake. Na kijana naye, akipata abiria wa kwenda Korogwe, huwa anaagizwa apitie kwa dada yake aliyeolewa huko, amwachie nusu chupa.